Macho makavu msimu wa kiangazi: maswali tunayoulizwa Tabora

Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, Tabora hukauka kweli kweli. Upepo unabeba vumbi la barabarani, huku na kule watu wanachoma mashamba, na kwenye benchi la kliniki ya macho neno linalorudiwa ni "mchanga": nahisi mchanga machoni, nikinawa hautoki. Mara nyingi mchanga haupo. Jicho limekauka.

Dokta, mimi macho yangu yanamwaga machozi kila upepo ukinipiga. Unasemaje yamekauka?

Nivumilie kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Chozi si maji matupu. Chini kabisa kuna ute unaolishikiza jichoni, katikati kuna maji, na juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hayo hutoka kwenye vitezi vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope, nyuma tu ya zinapoota nywele, na kazi yake ni kama ya mfuniko wa sufuria: kuzuia maji yasipotee hewani. Vitezi vikiziba, mfuniko haupo. Jicho linakauka, linawasha, na tezi kubwa iliyo juu ya jicho inashtuka na kumwaga maji mengi kwa mpigo. Hayo ni maji ya dharura. Hayana mafuta ya kutosha, yanateremka shavuni, na baada ya dakika chache jicho liko palepale.

Tena kioo cha mbele cha jicho hakina mishipa ya damu. Oksijeni yake kinaipata zaidi kutoka hewani, kupitia machozi. Ndiyo maana ukavu wa muda mrefu hukikwaruza na kulifanya jicho lione ukungu, ambao hupungua kidogo ukipepesa kope.

Nalima tumbaku Urambo. Nikikoka moto kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, macho yanawaka. Ni moshi tu?

Ni moshi pamoja na joto kavu la mdomo wa tanuru, na wewe unakesha hapo usiku baada ya usiku. Halafu kuna mikono. Utomvu wa jani la tumbaku ukishika vidole, kisha ukafikicha jicho, umeongeza jeraha juu ya ukavu. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa uso, simama upande usiopelekewa moshi, na pokezaneni zamu. Mama anayepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha yuko kwenye hali hiyohiyo mwaka mzima, ila yeye haendi likizo. Kwa waendesha bodaboda, miwani inayofunika hadi pembeni inasaidia kuliko dawa nyingi.

Na simu?

Kwa kawaida mtu hupepesa kope kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea simu, hupungua sana. Kila dakika 20 tazama kitu cha mbali kwa sekunde 20, ufumbe macho taratibu mara kadhaa. Na feni isikupulizie usoni ukiwa umelala.

Bibi ameniambia niweke asali. Si ni dawa?

Bibi yako hakukosea kuipenda asali. Asali ya miombo ni fahari yetu, hata mimi naila. Lakini kuila ni jambo moja, kuitia jichoni ni jingine. Iliyotoka mzingani ina nta, masizi ya moshi wa kurinia na vimelea usivyoviona. Zipo nchi zinazotengeneza dawa ya macho kwa asali, ila ile imesafishwa kiwandani hadi vimelea vyote vife. Ya kwenye chupa ya sokoni haikupitia huko. Vivyo hivyo maji ya majani, maziwa ya mama na mkojo. Jicho lililokauka tayari lina mikwaruzo, na vimelea vikiingia hapo vinaleta kidonda ambacho kikipona huacha kovu jeupe. Kovu hilo tone la dawa haliliondoi. Inauma kumweleza hivyo mtu aliyekuja akiwa amechelewa.

Ninunue dawa gani, basi?

Omba machozi bandia, yaani matone ya kulainisha tu. Yenye kihifadhi ndani, yaani kemikali ya kuzuia vimelea kwenye chupa, yasizidi mara nne kwa siku; ukihitaji zaidi, tafuta yasiyo na kihifadhi. Tone moja linatosha, kisha fumba jicho kwa dakika moja. Andika tarehe kwenye chupa ukiifungua, na usiivushe mwezi. Usikubali kuuziwa matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, bila kupimwa: wekundu unapungua haraka, lakini ukizoea yanaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho.

Nyumbani, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto unayoyavumilia, kikamue, ukiweke juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, ukikipasha tena kikipoa. Kisha sugua kope polepole kuelekea kwenye nywele zake, mafuta yaliyoganda yatoke. Asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Kila mtu na kitambaa chake, maana trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, huambukizwa kwa vitambaa vya kuchangia.

Nina miaka 54, hedhi imekoma, sasa na macho yamekauka. Kuna uhusiano?

Upo, mama. Mabadiliko ya homoni huchangia, sawa na kisukari, ugonjwa wa baridi yabisi, na baadhi ya dawa za mzio, presha na sonona. Usiache dawa yako ya presha. Mwambie daktari aiangalie. Kinywa nacho kikikauka hadi unashindwa kumeza ugali bila maji, liseme hilo pia.

Mwanangu anajikwaa giza likiingia.

Mlete leo. Kwa mtoto hiyo ni dalili ya upungufu wa vitamini A, nao huweza kupofusha. Matone ya vitamini A, ya kumeza si ya kutia jichoni, hutolewa kila miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chakula ni maini, matembele, viazi lishe, mawese mekundu ya Kigoma, na maembe ambayo hapa hatuyakosi msimu ukifika.

Nije hospitali lini?

Ukiwa na maumivu makali, uoni umeshuka, mwanga unakuchoma, jicho moja limekuwa jekundu au lina doa jeupe, usisubiri. Na kama nywele za kope zimegeukia ndani, hivyo ni vikope, vina tiba yake. Kipimo cha ukavu hakitishi: kikaratasi huning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5, kisha tunapima kimelowa milimita ngapi. Njoo na kila kitu ulichokwisha kutia jichoni, hata kile alichokuchanganyia bibi. Hatutakufokea, tunahitaji kujua jicho limepitia nini.