Twiga Hakurefuka kwa Kujinyoosha

Jumamosi, kando ya Ziwa Nakuru, mwalimu mmoja aliwaonyesha wanafunzi twiga akila mgunga, akawaambia shingo ile imerefuka kwa kujinyoosha kizazi baada ya kizazi. Mara ya tatu mwezi huu! Nilimeza mate, nikaja kuandika.

Mpakiaji wa magunia ya viazi pale sokoni ana mabega mapana. Mtoto wake hazaliwi nayo. Twiga waliozaliwa na shingo ndefu kidogo, kwa jeni zao (maelekezo ya mwili yanayorithiwa kutoka kwa wazazi), waliacha ndama wengi zaidi. Basi. Kama faida ilikuwa majani ya juu au madume kupigana kwa shingo, sisi watafiti wa wanyama wenyewe bado tunabishana.

Halafu huja swali linalonichemsha damu: "Kwa hiyo ni jeni ama mazingira?" Hilo "ama" ndilo ugonjwa. Kwenye kisiwa cha Hirta, Scotland, kuna kondoo wasio na mchungaji, wanaofuatiliwa tangu 1985. Ukubwa wa mwili wanarithishana, na wanakondoo wakubwa ndio huvuka baridi kwa urahisi. Kwa hesabu ya darasani, kundi lingezidi kuwa kubwa mwili. Limekuwa dogo! Baridi imepungua makali, kwa hiyo vidhaifu vilivyokuwa vikifa mwaka wa kwanza sasa vinaishi na kuingia kwenye wastani wetu. Tena jike anayezaa akiwa bado mchanga huzaa kitoto kidogo, hata kiwe na jeni za fahari. Unayempima kwenye mizani ni jeni, nyasi, hali ya hewa na umri wa mama, vyote ndani ya ngozi moja. Uteuzi wa asili, yaani wenye faida kuacha watoto wengi zaidi, unavuta huku, kilo zinaenda kule.

Twiga wetu wa Nakuru nao waliletwa kutoka Soy, karibu na Eldoret, mwaka 1977. Walikuwa wachache, na leo kizazi chao kiko ndani ya ua. Ndama akifa, fomu yangu inataka sababu moja: simba, chakula, au damu kukaribiana, yaani wazazi wa ndama kuwa ndugu. Damu kukaribiana haionekani kwa darubini. Nikiri: nimewahi kuandika "simba" kwa kuwa tu simba alikuwa amelala karibu na mzoga, ameshiba.

Na simba naye humchagua ndama anayebaki nyuma. Kwa nini alibaki nyuma, fomu haiulizi.