Daktari akiachana na mwenzake, nusu kwa nusu?

Hospitalini utasikia mara nyingi: "Ukimwacha daktari mwenzako, sheria inakata mali katikati." Kwa Tanzania, si hivyo.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinahusu mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili. Mahakama hutazama mchango wa kila mmoja, uwe fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya hapo ndipo sheria inasema hakimu aelemee kwenye usawa. Nadhani maneno hayo ya mwisho ndiyo watu waliyashika, wakayaacha ya mwanzo.

Chukua nyumba ya Kibaha. Mume analipa saruji kwa posho za zamu za usiku. Mke anawasimamia mafundi, analea watoto, anapika. Risiti zote zina jina la mume. Mke hana kitu? Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: ilionekana alizitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia.)

Matunzo ni suala jingine, kifungu cha 115. Mke anaweza kudai kwa mume. Mume akitaka kutunzwa na mkewe, hata mke huyo awe daktari bingwa, lazima aonyeshe kwamba maradhi au majeraha yamemzuia kujipatia riziki.