Si kila hitilafu ya umeme botini ni shoti

Katika fukwe zetu za uvuvi neno shoti limebebeshwa mzigo usio wake. Taa ya kuvulia dagaa ikififia, ni shoti; pampu ya kutolea maji ikizunguka kivivu, ni shoti; mtu akigusa waya wa jenereta, amepigwa shoti. Nililivumilia hadi juzi, nilipomwona fundi akibadilisha fyuzi iliyokuwa nzima kabisa kwa maelezo kwamba boti ina shoti.

Shoti ni umeme kutoka upande chanya wa betri na kurudi upande hasi bila kupitia kwenye balbu, mota au kifaa kingine cha kuutumia.

Neno lenyewe limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako lina maana ya ufupi, na ufupi huo ndio unaopotosha watu, kwa kuwa haupimwi kwa mita. Waya wenye urefu wa mita 8, uliochunika ganda kule omo, yaani mbele ya boti, na kugusana na mwenzake, umepiga shoti. Waya wa sentimita 5 unaowasha balbu haujapiga. Mimi ningesema kwamba umeme umekata njia, maana kilichorukwa ni kazi iliyokuwa ikiusubiri. Betri ya volti 12 iliyopigwa shoti huweza kutoa mamia ya ampea (kipimo cha mkondo, yaani umeme unaopita), na waya mwembamba ukawa mwekundu kama kaa. Fyuzi huwekwa karibu kabisa na betri kwa ajili ya tukio hilo, ili iungue yenyewe kabla ya waya. Ama mtu aliyegusa waya wa jenereta, Kiswahili kilikwisha kumpatia neno: amenaswa na umeme.

Kinachosumbua boti za maji chumvi mara nyingi ni kinyume cha shoti. Unyevu hupenya kwenye kiungo, shaba hugeuka kijani, na njia ya umeme, badala ya kufunguka kupita kiasi, huziba nusu. Mkondo wa ampea 5 ukipita kwenye kiungo chenye ukinzani (kizuizi kwa umeme) wa nusu omu, volti 2.5 hupotelea hapo hapo na kugeuka joto la wati 12.5, ilhali fyuzi ya ampea 10 haina habari, kwa kuwa mkondo haujazidi. Kiungo huweza kuunguza ganda la waya na fyuzi ikabaki nzima, na ndiyo sababu kuikagua fyuzi peke yake hakumfikishi fundi popote. Dawa yake ni waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, na viungo vilivyobanwa kwa koleo na kuwekwa juu ya maji ya ngama, yale yanayotuama chini botini, wala si vilivyosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi.

Kwa hiyo, fundi wangu, kabla ya kutamka shoti, itazame kwanza fyuzi. Ikiwa imeungua, neno lako huenda ni sahihi. Ikiwa nzima na taa inafifia kila pampu inapowashwa, washa pampu, pima volti kwenye betri kisha kwenye taa, na ukikuta zimepotelea njiani, umwambie mwenye boti kwamba kiungo kimeliwa na kutu.