Mafuta hayayachukii maji

Tangu shuleni tunaambiwa mafuta na maji hayapatani, kana kwamba yanafukuzana. Sivyo. Molekuli za mafuta na za maji huvutana, ila kwa nguvu ndogo. Za maji zenyewe kwa zenyewe hushikana kwa nguvu kubwa zaidi, na ndiyo maana mafuta hayapati upenyo katikati yao.

Yangekuwa yanafukuzana kweli, tone la mafuta juu ya maji lingejikunja na kubaki hivyo. Lakini mengi ya mafuta ya kupikia hutanda. Mwanasayansi wa Marekani Benjamin Franklin alimwaga kijiko kimoja tu cha chai cha mafuta kwenye bwawa la Clapham, London, akaona utando ukienea karibu nusu eka. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1774. Molekuli za mafuta huyashika maji kwa ncha moja, mikia yake ikielekea hewani.

Kuna na kosa jingine, eti hayachanganyiki kwa kuwa mafuta ni mepesi. Wepesi huamua kipi kikae juu, basi. Spiriti ni nyepesi kuliko maji na huchanganyika nayo kabisa; kimiminika kiitwacho klorofomu ni kizito, huzama, na bado mpaka wake na maji huonekana wazi.