Lindy Hop: utamu uko pale wawili wanapoachiana

Wengi wanaokuja kwangu kujifunza Lindy Hop hutaka kuanza na kurushana hewani. Wameona kipande cha dansi katika filamu ya Hellzapoppin' ya 1941, na kweli kinasisimua. Mimi huwaanzisha kwingine.

Dansi hii ilizaliwa na vijana Weusi wa Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1920. Dansi za kumbini kutoka Ulaya ziliwataka wawili washikane mwanzo hadi mwisho. Wao walizunguka pamoja, kisha mmoja akamwachia mwenzake atoke, wakabaki wameshikana mkono mmoja tu. Katika nafasi hiyo kila mtu hubuni hatua zake, halafu wanarudiana. Yote ndani ya mapigo manane. Ndivyo jazi yenyewe inavyokwenda: bendi nzima inapiga, kisha mpiga tarumbeta anaachiwa atambe. Asiyesikia hilo atahesabu hatua sawasawa na bado hatakuwa anacheza Lindy.

Makao yake makuu yalikuwa Savoy Ballroom, ukumbi uliofunguliwa Machi 1926 katika barabara ya Lenox. Ulikuwa na majukwaa mawili, bendi moja ikimaliza nyingine inadaka, muziki haukatiki. Weusi na Weupe walicheza sakafu moja, wakati klabu ya Cotton Club, humo humo Harlem, iliwatumbuizisha Weusi mbele ya wateja Weupe. Mwenye nyumba kimuziki alikuwa Chick Webb, mpiga ngoma mfupi mwenye kibiongo, na wachezaji walijua kila kishindo chake. Mei 1937 Benny Goodman, kiongozi Mweupe wa bendi maarufu ya jazi, alikwenda kushindana naye hapo. Wengi waliona Webb kashinda.

Na kurushana? Shorty Snowden, bingwa wa Savoy, alikuwa akimalizia onyesho kwa kubebwa mgongoni na Big Bea, mwenzake aliyemzidi urefu kwa mbali. Watu walicheka sana. Mnamo 1935 kijana Frankie Manning alikichukua kichekesho hicho, akampindua Frieda Washington, mwenzake wa kucheza, juu ya mgongo wake hadi akatua mbele yake, miguu ikigusa sakafu juu ya pigo. Hapo kwenye pigo ndipo ninapong'ang'ania mimi: asiyetua na muziki amefanya sarakasi.

Savoy ilifungwa 1958. Manning alikuwa ameshaajiriwa posta, akakaa huko miaka mingi, mpaka miaka ya 1980 vijana wa Marekani na Sweden walipomtafuta awafundishe. Alifundisha hadi karibu na kifo chake 2009.