Tabianchi ni nini hasa, na twajuaje kama imebadilika?

Hapa Malindi ukiuliza watu mabadiliko ya tabianchi ni nini, wengi watakwambia ni joto, au mvua kukosa, na mimi zamani nlikua najibu hivohivo. Lakini litazame neno lenyewe. Hali ya hewa ni ya leo na kesho, leo kaskazi imekaza, kesho mawingu. Tabianchi ni tabia ya nchi, na tabia ya mtu huijui kwa kumuona siku moja, akikasirika leo huwezi kusema huyu ni mkali mpaka ukae nae. Wataalamu huchukua wastani wa kama miaka 30 ndo waseme hii ndo tabia ya mahali hapa.

Kwa hivo maji ya bamvua yakipanda mara moja mpaka barazani kwa mtu, au masika ya mwaka mmoja yakichelewa, hiyo peke yake si ushahidi bado, na ni vizuri tuseme ukweli hapo manake mtu akibisha atakwambia mbona hata babu zetu walipata mwaka wa jua kali, na atakua sawa. Ushahidi ni miaka mingi ikienda upande mmoja.

Sasa hiyo miaka mingi twaitoa wapi, na vipimajoto hapa kwetu si vya zamani sana? Imo baharini, tena bahari yetu hii. Tumbawe ni mnyama mdogo anaejenga chokaa chini yake, na kila mwaka anaongeza tabaka, kwa hivo ukilitoboa tumbawe kubwa ukatoa kipande kirefu cha mviringo alafu ukakipiga eksirei utaona mistari, mwaka juu ya mwaka, kama ile ya kwenye gogo la mti. Ndani ya ile chokaa mna oksijeni nyepesi na nzito, na uwiano wake hufuata joto la maji ya wakati ule, kwa hivo mtu wa maabara anaweza kusoma bahari ilikua na joto gani kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Watafiti walifanya hivo na tumbawe la hapa Malindi, likawapa kumbukumbu ya miaka 194, wakaichapisha mwaka 2000. Ilionyesha joto la bahari yetu likicheza pamoja na mambo ya El Nino, yani yale maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida kila baada ya miaka kadhaa, panda shuka panda shuka, lakini ukilitazama lote kwa pamoja linapanda. Kuna tumbawe jengine la hapahapa lilisomwa, la miaka kama 300, likaonyesha udongo wa mto Sabaki ukizidi kuingia baharini kutoka karne ya 20, na hilo tusilichanganye, hilo ni kazi ya mashamba na ukataji miti huko juu mtoni.

Na nani amesababisha joto? Hewa ya zamani imenaswa kwenye mapovu ndani ya barafu ya Antaktika, na kabla ya viwanda kaboni daioksidi, ile gesi inayotoka tukichoma makaa na mafuta na inayozuia joto lisitoke duniani, ilikua kama sehemu 280 kwa kila milioni. Ilipoanza kupimwa Hawaii mwaka 1958 ilikua kama 315, leo imepita 420. Wako wanaosema ni jua tu, lakini setilaiti zimelipima jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na nguvu yake haijapanda. Dunia miaka ya 2011 mpaka 2020 ilikua na joto zaidi kwa kama digrii 1.1 kuliko ile ya 1850 mpaka 1900, na bahari kati ya 1901 na 2018 imepanda kama sentimita 20.

Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka. Yani ndani ya tumbawe mnaishi vijimea vidogo vinavyolilisha na kulipa rangi, maji yakizidi joto vinatoka, linabaki jeupe, na joto lisiposhuka mapema linakufa. Mengi yalikufa mwaka ule, mpaka kwenye hifadhi za Malindi na Watamu ambako hakuna anaevua, na hiyo ndo inaniuma zaidi, manake mlinzi anaweza kumzuia mvuvi lakini hawezi kuzuia maji moto.

Tukija kwenye kudhibiti, kuna maneno mawili watu wanayachanganya. Kupunguza ni kuziba chanzo, yani moshi usiongezeke. Lamu ilipangwa stesheni ya umeme wa makaa ya mawe ya megawati 1,050, watu wakapinga, na Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni yake, sababu moja kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa inavotakiwa. Kuhimili ni kujipanga kwa yale ambayo tayari yanakuja. Mikoko inafanya yote mawili, inaficha kaboni kwenye matope na inavunja nguvu ya mawimbi, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanalinda mikoko yao na tangu 2013 wanauza kaboni yake, yani wanalipwa kwa ile kaboni ambayo mikoko inaificha, pesa zinaingia kwenye maji na shule, na mimi naona Lamu wana haki ya kupata mpango kama huo, bora tu wakata boriti za mikoko nao wakae kwenye meza moja na wengine.

Alafu kuna vilima vya mchanga vya Shela, karibu na mji wa Lamu. Mvua ikinyesha pale mchanga unainywa, maji matamu yanakaa chini yakielea juu ya maji chumvi, na hayo ndo mji wa Lamu unategemea. Bahari ikipanda, chumvi inasukuma kutoka chini, na mchanga ukichotwa au ukijengewa, mvua haiingii kutoka juu. Kwa hivo watu wa Lamu wakipiga kelele mtu anapoanza kujenga juu ya vile vilima, ni kwa sababu maji wanayokunywa yako chini ya ule msingi anaochimba.