Mbio za magurudumu wazi kwenye duaradufu: A. J. Foyt na maana ya kukata kushoto

Wamarekani wanapomtaja dereva wa mbio A. J. Foyt kuwa mfalme wa magurudumu wazi, wanazungumzia aina fulani ya gari. Halina madgadi, halina bodi ya kufunika matairi. Matairi yote manne yako nje, na dereva amekaa peke yake katikati kama yule wa Formula 1. Kinachotenganisha ni njia. Foyt alijijengea jina kwenye duaradufu, yaani njia iliyofungwa yenye umbo la yai lililovutwa, ambako magari huzunguka kinyume cha mshale wa saa na kila kona ni ya kushoto. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya Indianapolis: mzunguko mmoja ni kilomita 4 hivi, na mbio zenyewe ni mizunguko 200, yaani maili 500 au kilomita 805. Huanza magari 33.

Aliyezoea kuangalia Safari Rally, penye matope, mawe na kona za kila aina, huuliza: kama ni kushoto tu, ugumu uko wapi?

Chukua bilauri iliyo pana mdomoni na nyembamba kitakoni, ilaze mezani, isukume. Haiendi mbele, inazunguka. Gari la duaradufu hutengenezwa kwa hesabu hiyohiyo. Tairi la nyuma la kulia huwa kubwa kidogo kuliko mwenzake wa kushoto, kwa hiyo gari lenyewe linataka kukata kushoto. Kwenye sehemu iliyonyooka dereva hushikilia usukani kidogo kulia ili tu liende sawa. Akifika kona, uzito mwingi unahamia matairi ya kulia, na la nyuma ndilo linalolia zaidi. Akikanyaga mafuta kupita kiasi, mkia unateleza na ukuta wa zege uko palepale. Akiyaachia, anapitwa. Uamuzi huo anaurudia mara nne kila mzunguko, mara 800 kwa siku, huku wenzake wakiwa hatua chache pembeni. Na kwa kuwa matairi yako wazi, gurudumu likigusa gurudumu la gari jingine, moja linaweza kupanda juu ya jingine na kuruka.

Foyt alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1935, mtoto wa fundi magari, akakulia gereji. Alishinda Indianapolis mwaka 1961, 1964, 1967 na 1977, akiwa mtu wa kwanza kufikisha mara nne. Alitwaa ubingwa wa taifa mara 7, na ushindi wake 67 katika mbio za ngazi hiyo ni rekodi.

Ukitaka kuielewa duaradufu, ziangalie mbio za 1961. Foyt na Eddie Sachs walikuwa wakipokezana uongozi. Foyt aliingia kwa mafundi wake kujaza mafuta, mtambo wa kujazia ukagoma, akatoka tangi likiwa karibu tupu bila kujua. Gari likawa jepesi, akampita Sachs, watu wakadhani mambo yamekwisha. Kisha akaonyeshwa ishara ya kurudi kujaza. Aliporudi njiani, Sachs akawa mbele na mizunguko ilikuwa imebaki michache. Ikiwa imesalia mitatu tu, Sachs aliona tairi lake la nyuma la kulia limekuwa kipara, nyuzi za ndani zimeanza kuonekana. Angeweza kukaza roho. Akachagua kuingia kubadilisha, na Foyt akashinda kwa sekunde chache. Wapo wanaomlaumu Sachs hadi leo. Mimi simlaumu: aliliona tairi kwa macho yake mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, Sachs huyohuyo alifia Indianapolis. Kwenye mzunguko wa pili wa mbio za 1964, gari la Dave MacDonald liligonga ukuta wa ndani, likalipuka na kurudi katikati ya njia, na Sachs akaingia ndani ya moto. Wote wawili walikufa. Mbio zikasimamishwa, kisha zikaanzishwa upya, na Foyt akashinda kwa gari lenye injini mbele. Tangu siku hiyo hakuna gari la injini mbele lililoshinda tena pale.

Kwangu mimi mwaka huo wa 1964 ndio unaoeleza Foyt alikuwa nani, kuliko hata ile idadi ya mara nne. Ubingwa ulikuwa na mbio 13. Alishinda 10, zikiwemo 7 za mwanzo mfululizo. Nyingine zilikuwa za lami, nyingine za udongo, na udongo ni elimu tofauti kabisa: gari huingia kona likiserereka ubavu, magurudumu ya mbele yakiangalia kulia wakati gari linakwenda kushoto. Wapo waliokuwa hodari wa lami na wapo mabingwa wa vumbi. Yeye alizimudu zote.

Indianapolis mwaka 1967, beringi iliyoharibika ilimwangusha Parnelli Jones, aliyekuwa akiongoza, mizunguko michache kabla ya mwisho, na Foyt akalazimika kupenya katikati ya magari yaliyogongana akielekea kumaliza. Wiki mbili hazikupita akashinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, pamoja na Dan Gurney. Mwaka 1972 akashinda Daytona 500, ambako magari yana bodi kamili. Ushindi wa Indianapolis wa 1977 aliupata akiwa na miaka 42, baada ya krankishafti, mhimili mkuu wa injini, ya Gordon Johncock aliyekuwa akiongoza kuvunjika, ndani ya gari la Coyote lililotengenezwa na timu yake mwenyewe, injini nayo ikiwa na jina lake.

Mwaka 1990 miguu yake ilivunjika vibaya kwenye ajali ya Road America, njia yenye kona za pande zote. Mei iliyofuata alianza mbio za Indianapolis akiwa mstari wa kwanza.

Alianza mbio hizo mara 35 mfululizo, kuanzia 1958 hadi 1992. Mei 1993, Foyt akiwa na miaka 58, dereva kijana wa timu yake aligonga ukuta mazoezini, na Foyt akaona hawezi tena kuwa mwenye timu na dereva kwa wakati mmoja. Akavaa helmeti, akazunguka taratibu mzunguko mmoja wa kuaga, kona nne za kushoto, akashuka akilia.